MREJESHO: Njia ya baiskeli isiyo na magari, Igombe hadi Kayenze

Wakuu, wabeja sana (asanteni kwa Kisukuma). Wiki mbili zilizopita niliomba njia ya vumbi nje ya Mwanza mjini, yenye vilima na mabonde, nisisukumwe pembeni na malori ya barabara ya Musoma.

Nilifuata waliosema nipite Igombe kwenda Kayenze, nikatoka saa 12 asubuhi. Sijutii hata kidogo. Ukishaiacha Igombe ni bodaboda mojamoja, ng'ombe, mawe makubwa yaliyopandana, na ziwa linachungulia kushoto. Mkuu uliyesema nipunguze upepo kwenye tairi, Mungu akubariki: changarawe zilinitesa siku zote, safari hii mikono haikufa ganzi. Tyubu ya akiba nayo ilinisaidia, mwiba ulipenya gurudumu la nyuma.

Nilipokwama ni mabondeni. Nilikata kushoto kufuata njia ya majaruba (mashamba ya mpunga), na usiku mvua ilikuwa imenyesha. Ule udongo mweusi wa mbuga ulijaa kati ya tairi na uma mpaka gurudumu likagoma kuzunguka. Nikawa nakwangua kwa kijiti, hatua kumi, nakwangua tena. Mzee mmoja nilipomwamkia akaniambia, "Marahaba mwanangu, huku ni kwa miguu tu mpaka kiangazi."

Kwa hiyo mzunguko niliopanga, wa kutokea Nyanguge kwenye barabara ya Musoma, sikuumaliza, nilirudi nilikotoka. Anayetaka kwenda sasa abaki barabara kuu ya vumbi, asishuke majarubani. Mimi nitarudia Julai, kukiwa kumekauka.