MJADALA: Meli ya kitalii ikizimika baharini, tuichukie kampuni au tuulize meli yenyewe?

Mkazi wa Nkuhungu (mleta mada)

Wakuu, kila ikizunguka video ya meli ya kitalii iliyokwama baharini, kwenye magrupu ya hapa Dodoma hukumu inatoka papo hapo: "Kampuni ile ya hovyo, bora ungepanda ya fulani." Wengi wetu chombo kikubwa tulichowahi kupanda ni kivuko au mtumbwi wa Mtera, lakini kuzihukumu kampuni za meli za huko Miami, Marekani, hatujambo. Naomba tulijadili kwa hoja, halafu tuone linatugusaje sisi wa treni na mabasi.

Msimamo wangu nauweka mbele ili mnishambulie vizuri. Mapenzi na chuki za abiria kwa kampuni za meli yamekosea mlango. Anayeapa kwamba hapandi tena Carnival, kisha akakimbilia Princess, Holland America, Costa au hata Cunard, hajahama popote. Zote ni za Carnival Corporation. Aliyetoka Royal Caribbean akaenda Celebrity naye yumo nyumba ileile. Norwegian, Oceania na Regent ni hivyohivyo. Ni maji ya kisima kimoja kwenye chupa zenye lebo tofauti.

Tuje kwenye matukio. Tarehe 10 Februari 2013 Carnival Triumph ilikuwa Ghuba ya Meksiko na watu zaidi ya 4,000. Bomba la mafuta likavuja kwenye jenereta, moto ukawaka. Ulizimwa, hakuna aliyekufa, ila umeme ukaondoka karibu wote. Na hapa ndipo wengi hawaelewi meli hizi. Kwenye nyingi hakuna injini ya kuendesha meli na nyingine pembeni ya kuwasha taa. Jenereta zilezile ndizo zinazozungusha pangaboi la kuisukuma meli, zinazopika, zinazopoza vyumba na zinazovuta uchafu wa vyoo, maana vyoo vya humo vinafyonza kwa hewa, huwezi kumwaga ndoo ya maji ukaondoka. Umeme ukikatika, choo nacho kimekufa. Watu wakajisaidia kwenye mifuko, wakalala sitahani kwa sababu vyumba vya chini havikukalika. Walifikishwa Mobile, Alabama, usiku wa tarehe 14, meli ikivutwa na tagi, yaani boti za kuvutia meli. Kampuni ikarudisha nauli, ikaongeza dola 500 kwa kila mmoja na punguzo la safari nyingine. Kilichowauma wengi zaidi, kuliko hata harufu, ni kwamba mkubwa wa shirika, Micky Arison, alionekana akitazama mechi ya timu yake ya mpira wa kikapu, Miami Heat, abiria wake wakiwa bado majini.

Miaka miwili na ushee kabla yake, Novemba 2010, Carnival Splendor ilipata moto wa chumba cha injini karibu na Meksiko, chakula kikapelekwa kwa helikopta za manowari. Na Februari 2012 Costa Allegra ilizimika huku kwetu Bahari ya Hindi, ikitoka Madagaska kwenda Shelisheli na watu zaidi ya 1,000. Iliyoivuta hadi Mahé ni meli ya uvuvi ya Wafaransa. Hiyo Allegra ilijengwa mwaka 1969 kama meli ya makontena, baadaye ikageuzwa kuwa ya starehe. Abiria wangapi waliuliza hilo kabla ya kulipa?

Kuna kanuni ya kimataifa inayozihusu meli kubwa za abiria zilizoanza kujengwa kuanzia Julai 2010: sehemu moja ikiungua, meli iweze kurudi bandarini kwa nguvu yake yenyewe. Kwa maneno mengine mitambo itenganishwe, isikae yote chumba kimoja. Triumph ni ya 1999, Splendor ya 2008. Haikuzihusu. Kwa hiyo swali la abiria mwenye akili ni "meli hii ilijengwa mwaka gani?" na wala si "ni ya kampuni gani?"

Semeni.

Fundi wa Kizota

Mkuu, umeeleza vizuri habari ya jenereta, ila hoja yako ya umri ina tundu kubwa. Viking Sky ni ya mwaka 2017. Hiyo kanuni yako inaihusu kabisa. Machi 2019 ilizima umeme wote kwenye dhoruba pwani ya Norwei, ikawa inasukumwa kuelekea kwenye miamba ikiwa na watu 1,373. Zaidi ya 400 walinyanyuliwa mmojammoja kwa helikopta. Unajua kilichoizima? Oili. Kiwango cha oili ya kulainisha kilikuwa chini kwenye matangi, meli ikayumba, pampu zikavuta hewa, jenereta zikajizima zenyewe zisiungue. Na moja kati ya nne ilikuwa mbovu tangu mwanzo.

Sasa niambie, nani aliyeiruhusu iondoke bandarini, oili iko chini, jenereta moja haifanyi kazi, na utabiri wa upepo mkali upo? Chuma hakijiruhusu. Sisi karakana tunajua: gari jipya na dereva asiyepima oili halifiki Gairo. Kampuni ibebe mzigo wake.

Mkazi wa Nkuhungu

Hapo umenibana kidogo. Lakini Viking Sky ilifika bandari ya Molde kwa injini zake kesho yake, Triumph ilichukua siku nne hadi kufika, tena ikiburutwa. Tofauti ya umri ipo.

Fundi wa Kizota

Ipo. Ila ingegonga mwamba jana yake usingeizungumzia hiyo kesho.

Zabibu Tamu

Mbukwenyi! Hivi Wagogo na meli za kitalii wapi na wapi jamani 😂😂 Maji yenyewe ya bomba ni ya mgawo.

Dada wa Nzuguni

Zabibu, acha utani, wengine yanatuhusu. Mdogo wangu ni mhudumu wa vyumba kwenye hizo meli (kampuni siitaji). Kuna jambo mleta mada hukuligusa. Abiria anapimia kampuni kwa nani? Kwa kijana anayemtandikia kitanda na kumletea chai. Yule kijana hana usemi wowote kuhusu pampu wala oili, na hata bendera ya meli ni ya Bahamas au Panama, wala si ya nchi yake. Kwenye hiyo Triumph abiria wengi walishuka wakiisema vibaya kampuni huku wakiwasifu wafanyakazi, ambao ndio waliobeba ile mifuko. Kwa hiyo abiria hawajakosea mlango kama unavyodai. Wanajua kabisa kumtenganisha mtu na tajiri wake. Wewe ndiye unayetaka tumsamehe tajiri kwa kisingizio cha chuma.

Mkazi wa Nkuhungu

Dada, sijamsamehe tajiri. Nasema kumhama tajiri kwa kwenda duka lake la pili hakumuumizi.

Mzee wa Kikuyu

Vijana, nimewasoma. Mleta mada, hasira ya abiria unaidharau bure. Januari 2006 Queen Mary 2, ya hao hao Cunard uliowataja, iliharibu mtambo mmoja wa kuisukuma ilipokuwa ikitoka Florida. Ikaendelea na safari kwa mwendo mdogo, ikaruka bandari kadhaa ilizoahidi kutia nanga. Wakubwa wakasema watarudisha nusu ya nauli. Abiria wakakataa, wakatishia kugoma kushuka melini wakifika Rio de Janeiro. Mkono wa kampuni ukafunguka, ikarudishwa nauli yote.

Hapakuwa na moto, hakuna aliyelala na njaa, ni watu wenye fedha zao waliokosa kuona visiwa. Lakini walisimama pamoja. Chuki unayoiita haina maana ndiyo iliyowalipa. Sisi huku gari likifa Dumila tunashuka kimya, tunanunua mahindi ya kuchoma, tunamwomba Mungu fundi asichelewe.

Mkazi wa Nkuhungu

Shikamoo mzee. Hapo sina jibu la haraka.

Wakili Area D

Naongeza la sheria kwa sababu ndilo lenye utamu. Baada ya aibu ya Triumph, seneta Charles Schumer wa Marekani alidai abiria wa meli wawe na hati ya haki zao. Chama cha wenye meli, CLIA, kikaona kisisubiri kuandikiwa, kikaandika chenyewe Mei 2013. Humo wameahidi: safari ikifutwa kwa ubovu wa mitambo, nauli yote irudi, ikikatishwa njiani, sehemu ya nauli irudi, abiria asafirishwe hadi nyumbani na alipiwe pa kulala, abiria apewe taarifa kwa wakati, meli iwe na umeme wa dharura. Mazuri. Lakini aliyeandika ni mwenye meli. Haisemi lolote juu ya safari iliyochelewa tu, au bandari iliyorukwa kama alivyoeleza mzee.

Na nyuma ya tiketi kuna dunia nyingine. Mwaka 1991 Mahakama ya Juu ya Marekani ilikubali kwamba sharti lililochapwa kwenye tiketi ya Carnival, kuwa kesi zote zifunguliwe Florida, linamfunga abiria anayeishi upande wa pili kabisa wa nchi. Alikata tiketi, basi amekubali. Ukisikia hivyo, angalia tiketi ya basi mfukoni mwako: "nauli ikishalipwa hairudishwi." Ni akili ileile.

Mwanachuo UDOM

Mimi nilivutiwa na ile Villa Vie Odyssey, meli ambayo watu wamenunua au kukodi vyumba waishi humo miaka wakizunguka dunia. Mwaka 2024 ilikwama Belfast kwa matengenezo ya usukani na gia kuanzia mwisho wa Mei hadi mwisho wa Septemba. Miezi minne! Meli ya mwaka 1993, kwa hiyo hapo mleta mada anapata alama. Ila wengi wao hawakuikimbia kampuni. Waligharamiwa matumizi yao, wakaizoea Belfast, wengine wakaenda kutalii Ulaya wakisubiri. Nadhani ni kwa sababu wao wameweka fedha zao humo, wanajihesabu wenye meli. Mtu wa safari ya siku nne hana sababu hiyo ya kuvumilia.

Zabibu Tamu

Mwanachuo umenigeuza. Tuje nyumbani sasa. SGR, treni yetu ya umeme, ilianza kufika Dodoma mwisho wa Julai 2024, na kabla wiki haijakatika treni ikasimama njiani kwa kukosa umeme. Shirika la reli, TRC, wakasema ni ngedere na bundi kwenye miundombinu. Tulicheka wiki nzima, vichekesho vikatengenezwa. Lakini nani aliacha kupanda? Hakuna! Kwa 31,000 unafika Dar bado una nguvu za kwenda Kariakoo. Mimi naipenda na sitaki kusikia fidia, fidia, maana wakianza kulipa fidia nauli itapanda, mtakuja hapahapa kulia.

Fundi wa Kizota

Mtambo wake hautofautiani na wa hizo meli. Umeme wa juu ukikatika, kiyoyozi nacho kinakwenda, na madirisha ya behewa yale hayafunguki. Nasema tu, mjue mnachokipanda.

Dada wa Nzuguni

Zabibu, unaipenda kwa sababu huna pengine pa kwenda! Abiria wa meli akikasirika anahama, hata kama ni duka la pili la tajiri yuleyule. Abiria wa basi pale stendi ya Nanenane akiudhiwa na basi moja, mpiga debe wa jirani ameshamshika begi. Lakini reli ni moja na shirika ni moja. Ukikasirika unarudi barabarani kupambana na malori. Kwa hiyo mapenzi yako hayapimi chochote, wangekuchelewesha saa tano ungepanda tena wiki ijayo.

Mzee wa Kikuyu

Binti amesema. Nami nilisafiri na treni ya zamani, ile ya reli ya kati, tukilala stesheni bila mtu wa kutuambia lolote. Hapakuwa na wa kumhamia, nasi tukapanda tena.

Wakili Area D

Ndiyo maana LATRA, mdhibiti wa usafiri wa ardhini, ipo, na lile Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Usafiri Ardhini lipo. Palipo na ushindani, hasira ya mteja inafanya kazi kiasi fulani. Pasipo na ushindani lazima iandikwe kwenye kanuni: ikizidi saa kadhaa abiria anapata nini, na nani anatangaza ndani ya behewa kuna nini na itachukua muda gani. Na isiandikwe na msafirishaji, tusirudie ya CLIA. Zabibu, nauli haipandi kwa fidia ya tukio la mara mojamoja. Itapanda ikiwa matukio ni ya kila wiki, na hapo shida yetu itakuwa kubwa kuliko nauli.

Zabibu Tamu

Wakili, hayo ya tukio la mara mojamoja uyaseme ukiwa na hesabu. Shirika ni la umma. Fidia yako italipwa na kodi ya mama anayeuza ubuyu Majengo ambaye hajawahi kupanda hiyo treni. Huyo naye umemwandikia hati ya haki?

Mwanachuo UDOM

Daah, hiyo ya mama wa ubuyu ni nzito.

Mkazi wa Nkuhungu

Nzito kweli, ila mama huyo huyo kodi yake imejenga reli, hivyo ana haki ya kudai iendeshwe vizuri hata kama hapandi. Nabaki na hoja yangu ya meli kwamba kuchagua kampuni kwa jina ni kujidanganya, isipokuwa Fundi na Mzee wamenionyesha kuwa tajiri habanwi kwa kuuliza mwaka wa chuma peke yake. Kwa treni na mabasi nakubaliana na Wakili: iandikwe, na isiandikwe na wao. Sasa tubishane kwenye namba. Mimi nasema chombo kikichelewa kwa ubovu zaidi ya saa mbili, nusu ya nauli irudi kwenye simu ya abiria siku hiyohiyo, bila kujaza fomu. Dhoruba, mafuriko na bundi nawaachia mjadili kama ni ubovu au la.

Fundi wa Kizota

Bundi ni ubovu. Waya unaozimwa na ndege haukukingwa. Saa mbili ni chache kwa basi lakini, kupata spea Dumila usiku siyo mchezo. Saa nne.

Dada wa Nzuguni

Saa nne? Uwe na mtoto wa miezi mitatu ndani ya basi hilo kwanza, kaka, halafu urudi utuambie.