Silikanti wa Tanga: mliomwona kwa macho, tupeane uzoefu

Wakuu, huyu samaki wataalamu walishamhesabu kwenye viumbe waliotoweka, hadi 1938 alipovuliwa Afrika Kusini. Kwetu alinasa Songo Mnara, kule Kilwa, 2003, kisha Tanga wakawa wengi, na 2009 akatengewa hifadhi ya bahari. Picha tumeziona. Nataka waliomshika: bado ananasa? Na mnamfanyaje?

Mwambani Asilia: Nimemshika. Jarife, ule wavu mkubwa wa papa, tulilitega jioni kwenye maji makuu, kuvuta alfajiri tukasikia uzito ambao si wa papa. Buluu yenye mabaka meupe, tochi ikimpiga macho yanawaka. Mapezi yana shina la nyama, ukilishika unadhani umeshika mkono wa mtoto. Mafuta yake yaling'ang'ania viganjani hata tuliposugua kwa mchanga. Alikuwa bado anafumbua mdomo polepole, nahodha akaamuru arudishwe. Tukamrudisha, akalala ubavu juu ya maji. Ametoka kwenye mapango ya chini kwenye baridi, huku juu hakumfai. Kwa hiyo lile agizo la "akinasa mwachieni" ni neno la ofisini.

Mama Ngawa: Sokoni hana mteja. Nyama mafuta matupu, inaharisha. Kuna jirani alipika kwa ubishi, choo kikawa chake usiku kucha 😂

Pezi Nane: Mnacheka, lakini jike anabeba mimba karibu miaka 5 na anazaa watoto hai. Utafiti wa magamba uliotoka 2021 unaonyesha anaweza kuishi karibu karne. Samaki wa hivyo hafidii pengo haraka kama dagaa. Mimi sishangilii hata nikisikia msimu umepita bila kunasa: labda wamesalimika, labda wamepungua, na jarife haliwezi kukuambia ni lipi.

Kusi na Kaskazi: Tuseme ukweli, hakuna aliyeenda kumtafuta. Baruti ilibomoa matumbawe ya karibu, samaki wakaadimika, watu wakasogeza nyavu kwenye kina. Jarife likae juu, turudi kwenye mshipi wa ndoano.

Mwambani Asilia: Mshipi? Wangazija wa Komoro wanamwita gombessa, na wao wamemvua kwa mshipi huohuo miaka na miaka. Cha kukubaliana ni kina: nyavu zisishuke kwenye yale makorongo yenye mapango. Ila anayepiga marufuku aje pia na boti ya kufika mbali kwenye jodari, tuvue hao badala yake, kwa sababu kusi ikivuma ngalawa yangu haifiki huko.