Nipime vipi ushahidi wa Vita vya Maji Maji katika mtihani?

Mwanafunzi, Kidato cha Sita
Shikamooni walimu. Tumepewa swali la kutathmini maelezo ya Gavana von Götzen kuhusu sababu za Vita vya Maji Maji. Je, nikieleza kwamba alikuwa mtawala wa Kijerumani, kwamba alipendelea upande wake na kwamba wazee wetu ndio wa kuaminiwa, nitakuwa nimemaliza?

Mwalimu wa Historia
Marahaba. Hapo utakuwa umeanza tu. Mtahini anataka kujua upendeleo huo umeathiri nini hasa. Götzen alikuwa gavana kuanzia 1901 hadi 1906, na kilimo cha lazima cha pamba katika mashamba ya pamoja kilianzishwa chini ya utawala wake; kitabu chake alikichapisha mwaka 1909, wakati ambapo kuwalaumu waganga na imani ya maji (dawa iliyoaminiwa kuwakinga wapiganaji dhidi ya risasi) kulimpunguzia yeye lawama. Kwa hiyo, ukimuuliza kwa nini watu wa Umatumbi waling'oa pamba mwezi Julai 1905, jibu lake ni dhaifu. Ukimuuliza serikali iliuelewaje upinzani huo na iliukabili vipi, ni shahidi wa thamani kubwa, kwa sababu amri zilitoka kwake.

Mchangiaji mwingine
Naunga mkono, lakini masimulizi ya wazee nayo yapimwe kwa uzito uleule. Mengi yalikusanywa na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960, zaidi ya miaka 60 baada ya vita kuanza, katika nchi iliyokwisha kupata uhuru na ambayo kiongozi wake, Mwalimu Nyerere, alikuwa ameueleza Umoja wa Mataifa, mwaka 1956, kwamba wananchi walipigana kwa kuukataa utawala wa kigeni. Hilo haliwafanyi wazee kuwa waongo. Viboko na mateso ya mashamba ya pamba waliyakumbuka wao kwa undani ambao mtawala hakuwa na haja ya kuuandika. Tena usigawe mashahidi kwa rangi. Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi alitunga utenzi wa vita hivyo kwa Kiswahili, na hakuwaunga mkono wapiganaji.

Mwanafunzi, Kidato cha Sita
Nawashukuru sana. Na idadi ya waliokufa? Wajerumani walikadiria 75,000, naye mwanahistoria Gilbert Gwassa akafikia kati ya 250,000 na 300,000. Nichague ipi?

Mwalimu wa Historia
Usikimbilie kuchagua. Majeshi ya Kijerumani yalichoma mashamba na maghala ya chakula, na njaa ikaua watu wengi kuliko risasi, wengine mapigano yakiwa yamekwisha katika maeneo yao. Eleza kwanza nani angeweza kuwahesabu watu hao vijijini, na serikali ilikuwa na sababu gani ya kuwahesabu au kutowahesabu. Ndipo useme kadirio lipi unaliona lina nguvu zaidi.