Mafungu ya malipo kwenye programu ya mishahara: kapu moja, kila kitu peke yake, au kwa makato?

Binti Langoni
Assalaam aleikum. Nashika vitabu vya hoteli ndogo ya Shela, Lamu, watu 14: jikoni, vyumba, askari, nahodha wa mashua na mabaharia wake. Miaka yote tumetumia Excel. Sasa tumenunua programu ya mishahara, nayo inataka nifungue mafungu ya malipo kabla sijaingiza jina la mtu hata mmoja. Naona njia tatu. Ya kwanza ni mshahara wa msingi na fungu moja tu la "marupurupu". Ya pili, kila malipo yawe na fungu lake. Ya tatu ni kuyapanga kwa makato yanayoyagusa. Kaskazi ikishika hoteli hujaa, na sitaki kubomoa kazi hii Januari. Nani amezipitia?

Karani wa Mkomani
Waaleikum salaam dada. Chukua ya kwanza. Watu 14 si wengi, na mwisho wa mwezi unakagua mistari miwili tu kwa kila mtu. Mimi niliwahi kurithi programu yenye mafungu 27, nusu yake hayakuwa na shilingi hata moja. Kila mwezi nilikuwa nikibahatisha ovataimu iende fungu lipi.

Mzee wa Ngomeni
Karani, kwa mafungu 27 nakubaliana nawe. Kwa kapu moja, hapana.

Binti, anza na nyumba. Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007, kifungu cha 31, inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi makao au pesa za kodi ya nyumba, isipokuwa mkataba wenyewe uwe umesema kwamba pesa hizo zimo ndani ya mshahara. Ukizitumbukiza kwenye "marupurupu" na mkataba haukusema hivyo, siku mtu akidai utaonyesha nini? Kifungu cha 20 nacho kinataka hati ya mshahara yenye mchanganuo. Neno "marupurupu" halichanganui kitu.

Pili, tozo ya nyumba, ile asilimia 1.5 ya serikali ya nyumba za bei nafuu. Maelezo ya KRA, mamlaka ya kodi, ni kwamba hukatwa kwenye mshahara wa msingi na marupurupu ya fedha yanayolipwa mara kwa mara, kama ya nyumba na ya usafiri. Bonasi, malipo ya likizo na kiinua mgongo hayamo. Mchukue mpishi wa msingi 26,000 na nyumba 3,900, jumla 29,900. Tozo yake ni 448.50. Desemba apewe bonasi ya 10,000: kodi ya mapato itaigusa bonasi hiyo, tozo haitaigusa. Ukiwa na kapu moja, programu itakata 598.50. Umemnyang'anya mpishi 150, na mwajiri anayelipa kiasi kile kile naye ametoa 150 zaidi. Hizo 300 zidisha kwa watu 14 wakipata bonasi kama hiyo, ni 4,200 zilizoondoka kwa sababu ya fungu lililofunguliwa vibaya. Kwa mtu anayehesabu nauli ya mashua ya kwenda na kurudi kazini, 150 ni pesa.

Kwa hiyo njia ya tatu ndiyo iwe msingi: malipo mawili yakikatwa tofauti, yatenganishe. Halafu chukua kidogo kutoka ya pili. Hata kama makato ni sawa, mtenganishie mfanyakazi kile atakachotaka kukiona kwa jina lake.

Dada wa Watamu
Mzee amesema kweli, naongeza la kwangu. Tuna wafanyakazi wawili wanaolala kwenye vyumba vya hoteli. Chumba cha mwajiri kina thamani inayohesabiwa kwenye kodi, basi nikafungua fungu na kuandika thamani hiyo. Sikugusa kile kisanduku kinachouliza kama malipo ni ya fedha au si ya fedha. Programu ikaijumlisha kwenye pesa za kupokea. Wote wawili wakalipwa zaidi, na kuzirudisha ilibidi tukae nao na kukubaliana kwa miezi mitatu. Niliona haya sana, maana kosa lilikuwa langu na mifuko ilikuwa yao. Kila fungu ulifunguapo, uliza kwanza: hii inaingia mfukoni, au inaonekana tu kwa kodi?

Chakula cha kazini nacho hivyo hivyo. Tangu mwisho wa Desemba 2024, thamani yake hadi 5,000 kwa mwezi haitozwi kodi.

Karani wa Mkomani
Hilo la bonasi sikuwa nimelipiga hesabu. Narudi nyuma. Ila dada, weka ukomo wa mafungu, na jina liwe lile wafanyakazi wanalolisema. Kwetu hoteli imeandika "mgao wa huduma" na watu wanakuja kuuliza savisi chaji yao iko wapi.

Baharia wa Vitabu
Nahodha akitumwa Mombasa, posho ya safari iwe mbali na mshahara. Tangu tarehe 1 Julai 2025 kiwango kisichotozwa kodi ni 10,000 kwa siku. Zamani kilikuwa 2,000, kwa hiyo kagua programu yako isije ikawa bado imeshikilia cha zamani.

Binti Langoni
Shukrani, Mzee wangu na nyote. Nimefungua tisa: msingi, nyumba, ovataimu ya siku za kazi, ovataimu ya sikukuu, savisi chaji, bonasi, posho ya safari, chakula, na chumba cha mwajiri. Ovataimu nimezigawa kwa sababu ya kwanza ni mara moja na nusu na ya pili ni mara mbili, na jikoni kwetu siku ya Idd hakuna anayekaa. Savisi chaji hutoka kila mwezi, nimeiweka upande wa malipo ya kawaida, inakatwa kila kitu. Chakula na chumba nimevitia alama ya yasiyo ya fedha.

Jana usiku niliingiza mwezi uliopita wote kwa majaribio, nikaweka na daftari la Excel ubavuni. Watu 13 walilingana hadi senti. Wa 14 alikuwa baharia mmoja: kwenye Excel nilimlipa Idd kwa mara moja na nusu. Kesho asubuhi namwita nimlipe iliyobaki.