Naomba ushauri: mdogo wangu kapata vyuo vitatu, achague UDSM, SUA au UDOM?

Dada wa Kahama

Wakuu, habari zenu. Naomba ushauri, hasa kwa mliosoma hivi karibuni na wenye watoto au wadogo walioko vyuoni.

Mdogo wangu wa kike kamaliza kidato cha sita, PCB (fizikia, kemia, bayolojia), shule ya masista huko Kagera. Kafaulu vizuri. Majina yametoka na kapata vyuo vitatu: UDSM (Mlimani, Dar) bayolojia ya molekuli na bioteknolojia, SUA (chuo cha kilimo, Morogoro) bioteknolojia na sayansi za maabara, UDOM (Dodoma) ualimu wa sayansi. TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu, wameshamtumia ujumbe wenye namba ya kuthibitishia, anatakiwa abaki na kimoja na siku zinayoyoma.

Baba anataka UDOM. Anasema ualimu wa sayansi una ajira, na hosteli zipo tele. Mjomba anasema mtu anapataje Mlimani halafu anakataa. Mimi ndiye nitakayebeba pale mkopo utakapoishia, kwa hiyo wote wananisubiri niseme.

Niwaeleze alivyo. Ni mkimya. Darasani kwao hawakufika hata wasichana arobaini, mwalimu anamjua kila mmoja mpaka kwao. Asipoelewa kitu hanyooshi mkono mbele za watu, anasubiri kipindi kiishe amfuate mwalimu nje. Anaimba kwaya. Ana rafiki mmoja wa kufa na kuzikana, na huyo kapata Mlimani kozi hiyohiyo.

Likizo hii alinunua maziwa akayagawa kwenye chupa sita, mbili kivulini, mbili juani, mbili kabatini, akawa anayanusa na kuyaonja na kuandika kwenye daftari saa ngapi yameanza kuganda na ipi imechacha. Hakuna aliyemtuma.

Nikimuuliza anataka chuo gani, jibu ni "popote tu dada". Nisaidieni.

Kimbweta

Hongera kwa mdogo wako. Mimi nimesoma sayansi pale Mlimani, nitakwambia nilivyoona.

Kielimu hakuna utakachokosa. Walimu wapo, maktaba ile mpya iliyofunguliwa 2018 ni kubwa kweli. Lakini mwaka wa kwanza ni umati. Kozi za msingi kama kemia mnachanganywa na watu wa shahada nyingine, wakiwemo wa ualimu. Kumbi za Yombo ukichelewa unasimama mlangoni, mhadhiri hajui jina lako na hana namna ya kulijua. Anayesubiri kipindi kiishe amfuate mwalimu atakuta foleni, au mwalimu keshaondoka.

Kinachowaokoa wakimya ni vimbweta. Zile meza za zege chini ya miti ndiko tunakosomea hasa. Ukipata kikundi cha watu wanne watano wanaokaa kimbweta kimoja kila jioni, umepona: mnagawana madesa (nukuu za masomo), mmoja anawafafanulia wenzake, mnapigiana simu asubuhi ya jaribio. Asiyepata kikundi anahangaika. Kwa hiyo hilo la rafiki yake si dogo hata kidogo, lipe uzito.

Malazi uliza mapema. Hosteli za Magufuli ziko kampasi na zinachukua watu 3,840, kuna Mabibo pia, lakini wahitaji ni wengi kuliko vitanda. Wanaokosa wanabebana, yaani wanalala kitanda kimoja na wenzao, au wanapanga geto (chumba) mitaani. Bumu, yaani fedha ya mkopo ya chakula na malazi, ni elfu kumi kwa siku tangu 2022/23. Ukilipia geto Dar na nauli, linaisha haraka.

Bwashee wa Moro

Dada, mlete SUA. Kozi yake iko chini ya watu wa tiba ya wanyama, kwa hiyo maabara wanazotumia ni za kazi kweli. Chuo chote kimejengwa kwenye mashamba na mifugo. Mtoto anayegawa maziwa kwenye chupa atakutana na wanaopima maziwa, udongo na damu ya ng'ombe.

Mji nao mtulivu, vyumba bei zake zinavumilika, Uluguru iko mgongoni. Ila ajue chuo kina kampasi mbili mjini, Edward Moringe na Solomon Mahlangu iliyopo Mazimbu, palepale palipokuwa na shule ya wapigania uhuru wa Afrika Kusini, ANC. Aulize atalala wapi na atasomea wapi, maana kusafiri kati ya kampasi mbili kila asubuhi kunachosha.

Mama Wawili

Mwanangu naye msichana mkimya, alienda chuo kikubwa ambacho sitakitaja. Alipangiwa mshauri wa masomo kwenye karatasi, muhula mzima hakumwona hata mara moja. Akaanza kukosa vipindi, halafu akaacha kwenda kula kantini kwa sababu hana wa kukaa naye. Matokeo yalipotoka ana sapu (mitihani ya kurudia) nyingi na sisi nyumbani hatukuwa na habari, kwenye simu kila siku anasema yuko salama.

Aliyemwinua ni kikundi cha sala. Walimfuata chumbani, wakamtoa, wakaanza kusoma naye. Sasa yuko mwaka wa tatu na anaendelea vizuri. Kwa hiyo mdogo wako popote atakapoenda, wiki ya kwanza tu ajue kwaya inafanya mazoezi wapi na siku gani. Vikundi vya dini vya wanafunzi, USCF na CASFETA vya Wakristo, kwa wenzetu Waislamu TAMSYA, hawa wapo karibu kila chuo na wanawatafuta wageni. Usimwambie "utajua ukifika". Mtafutieni namba ya mtu kabla hajapanda basi.

Mwalimu wa Kemia

Kwanza mpeni baba heshima yake, ana sababu. Lakini mimi ni mwalimu, na nitasema wazi: msimpeleke mtoto ualimu kwa ajili ya kitanda cha hosteli.

Ni kweli UDOM ina nafasi. Chuo cha 2007, kilijengwa kikubwa kusudi, mabweni mengi, ingawa kutoka koleji moja hadi nyingine ni mwendo na upepo wa Dodoma anaujua aliyeukalia. Hoja ya ajira ndiyo imebadilika. Siku hizi walimu nao wanafanyiwa usaili na Sekretarieti ya Ajira, si kumaliza na kupangiwa kituo kama zamani. Atakayeupita usaili ule vizuri ni yule anayeipenda kazi.

Na ukimya si kizuizi cha ualimu, nina wenzangu wapole wanaofundisha vizuri sana. Swali ni kama anapenda kumwona mtu mwingine akielewa. Umeandika habari za chupa, hujaandika hata sehemu moja kwamba aliwahi kukaa na watoto wa jirani akiwafundisha. Kama hilo lipo tuambie, jibu langu litabadilika.

Afisa Maabara

Nafanya kazi maabara, na huwa tunapokea wanafunzi wa fildi (mafunzo kwa vitendo) kutoka vyuo mbalimbali. Wiki ya kwanza tu unamjua aliyewahi kushika pipeti mwenyewe na aliyekuwa akimwangalia mwenzake akishika. Jina la chuo halinisaidii kuwatofautisha. Kinachowatofautisha ni kama kule kwao vikundi vya maabara vilikuwa vya watu watatu au kumi na watano.

Kwa hiyo watafuteni wanafunzi wa mwaka wa pili wa kozi hizo mbili za bioteknolojia. Wa pili ndio wazuri, wa kwanza hajaona kitu na wa tatu keshasahau shida. Waulizwe: kwenye praktiko mnakaa wangapi mezani? Vitendanishi vikiisha mnafanyaje? Jaribio likirudi mnaonyeshwa mlipokosea au mnapewa namba tu? Fildi mnatafutiwa au mnajitafutia? Nani alidisko (aliondolewa chuoni kwa kufeli) mwaka jana na kwa nini? Majibu ya hayo yana faida kuliko matangazo yote ya kwenye tovuti.

Na "popote tu" usiipokee. Mtoto akijua kila mkubwa ana upande wake, anaogopa kumuudhi mmoja. Mchapishie orodha ya masomo ya kila kozi, mwaka wa kwanza hadi wa mwisho, mwachie na kalamu usiku mmoja. Usimuulize chuo. Muulize ni masomo gani angeanza kesho kama angeruhusiwa.

Kimbweta

Afisa umeongea. Niongeze: kama ana ndoto ya kubaki chuoni afundishe, ajue kuanzia GPA (wastani wa alama) ya 3.8 ndipo wanapoanza kukutazama. Sehemu atakayosoma kwa amani ndiyo itakayompa hiyo GPA.

Dada wa Kahama

Wakuu, asanteni sana, nimesoma yote mara mbili. Mwalimu, nimeliulizia hilo nyumbani. Hajawahi kufundisha watoto wa jirani, na mama amecheka kusikia swali. Baba nimemsomea jibu lako la usaili kwenye simu. Amenyamaza kidogo, akasema "basi tuyaongee yeye akiwepo". Kwa baba yangu hiyo ni hatua.

Orodha nilimpa juzi. Kapigia mstari masomo mengi ya vijidudu kwenye zote mbili, kwa hiyo kielimu hakuna alichokikataa. Kwenye ya SUA kaandika pembeni "maziwa?" na "nyama?". Nikamwambia lakini rafiki yako yuko Mlimani, na watu wanasema kikundi ni muhimu. Ndipo akaongea sentensi ndefu kuliko zote alizoongea mwezi huu. Alisema: "Dada, nikienda naye ataniulizia maswali yangu darasani miaka mitatu. Alikuwa ananiulizia hata kidato cha tano. Nampenda lakini sitaki."

Sikuwa nimeliwaza hilo hata kidogo. Nilikuwa nimeshaanza kuegemea UDSM kwa ajili ya huyo rafiki.

Sasa tunapanga kusafiri naye kabla hajathibitisha. Barabara ni moja, tutapanda basi hadi Dodoma, baba kaomba apaone UDOM kwa macho yake hata kama ni kupita tu, halafu treni ya SGR hadi Morogoro. Muda ukiruhusu tutafika Dar. Kuna mwenye mtu wa mwaka wa pili kwenye hiyo kozi ya SUA?

Bwashee wa Moro

Yupo binti wa dada yangu, yuko mwaka wa pili na anaimba kwaya pia. Nakutumia namba faragha. Treni inawashusha Kihonda, si karibu na chuo, msikubali bei ya kwanza ya bodaboda. Nendeni siku ya kazi asubuhi, Jumamosi mtakuta maabara zimefungwa na mtaona majengo tu.

Mama Wawili

Mkifika, mwache na huyo binti wakae saa nzima bila wewe. Kuna maswali hatauliza ukiwepo.

Afisa Maabara

Mkishaamua, athibitishe mwenyewe kwa mkono wake, na namba ile ya kuthibitishia asimpe mtu yeyote, hata mwenye stationari. Siku hiyohiyo aombe hosteli. Kuhama baadaye kunawezekana, lakini kuna masharti na tarehe zake, na mkopo nao lazima ufuatiliwe uhame. Ni usumbufu ambao hamuuhitaji.

Dada wa Kahama

Nimeipata namba, nimeshaongea na binti na kakubali kutupokea. Tunaondoka Jumatatu usiku. Baba anakuja pia.