Pasaka ukweni Marangu, nishukie wapi na nibebe nini?

Mkwe mpya: Habari zenu wapendwa, Pasaka hii naenda ukweni Marangu mara ya kwanza, mimi na mtoto tunatoka Dar Alhamisi usiku, mume wangu atafuata Jumamosi. Ukoo mzima utakuwepo. Nibebe nini, na kuna haja ya kufika mpaka stendi ya Moshi?

Mkaa Himo: Dada usifike Moshi, mwambie konda mapema akushushe Himo, hapo unapata gari za Marangu Mtoni, ukipitiliza mjini unarudi tena nyuma unamchosha mtoto bure. Na tiketi kata sasa hivi, sikukuu wachaga wote wanapanda nyumbani.

Mama Kibosho: Sukari, majani ya chai, mchele na kitenge cha mama mkwe, hicho kisikose. Mtoto mvalishe sweta, masika kule juu ni baridi na tope. Asubuhi wahi jikoni mmenye ndizi mshare za mtori na mawifi zako, paka mafuta mikononi kwanza maana ule utomvu ukikauka unakuwa mweusi hautoki, na humo jikoni ndimo utawajua watu kuliko sebuleni.

Mkwe mpya: Asanteni sana jamani, kitenge nanunua kesho Kariakoo.