Dereva wa chhakdo wa Talala kanisukumisha, halafu kanitoza nauli!

Wakuu, naandika nikiwa na tope mpaka kwenye nyusi. Yule jamaa wa chhakdo pale stendi ya Talala, huku Gujarat, India. Sina haja ya kumtaja, kila aliyesoma Rajkot akaingiwa na wazo la kwenda kijiji cha Jambur kuwaona Wasidi, wale Wahindi wenye asili ya Afrika, anamjua. Leo kanishusha nisukume. Nimesukuma. Halafu nimelipa.

Ngoja nianzie nyuma, japo hasira hainipi nafasi. Tiketi yangu ya treni kutoka Rajkot ilikuwa WL 41, yaani wa 41 kwenye foleni ya kusubiri nafasi, ikafutika yenyewe, nikakata ya behewa la jumla. Nimesimama kwa mguu mmoja mpaka Veraval. Ule mwingine alikuwa ameulalia mzee wa watu. Stendi ya Veraval mabasi yameandikwa Kigujarati kitupu, mpaka namba, nikawa nalinganisha maandishi na picha kwenye simu kama mpelelezi. Ukiuliza "Talala?" mtu anatikisa kichwa ule mtikiso wao, ndiyo si ndiyo, hapana si hapana. Nikapanda lolote. Mungu si Athumani, lilikuwa lenyewe.

Sasa chhakdo kwa wasioijua: ni pikipiki nzito ya kizamani iliyokatwa nyuma, ikafungwa bodi ya magurudumu mawili na injini ya dizeli inayonguruma kama mashine ya kusaga, unaiwasha kwa kuvuta kamba. Huyu bwana kapakia watu 14, madumu ya maziwa, na mbuzi mmoja aliyekaa vizuri kuliko mimi.

Aliponiona alidhani ni Msidi wa hapo hapo. Kanimwagia Kigujarati, kanionyesha vidole viwili: rupia 20. Kosa langu ni kufungua mdomo na kujibu kwa Kiingereza. Papo hapo 20 ikawa 300! Mvua ya Agosti inanyesha, ningefanyaje?

Katikati ya njia tukazama. Jamaa kageuka, kawapitisha macho watu wote 14, kaniangukia mimi. "Bhai, dhakko!" Yaani kaka, sukuma! Peke yangu, wakuu! Mama mmoja alinionea huruma akanishikia begi, lakini hakushuka. Mbuzi naye hakushuka. Mimi niliyetozwa mara 15 ya wenzangu ndiye niliyekuwa nyuma, moshi wa dizeli puani, tope mdomoni, na yeye mbele anapiga honi ya wimbo.

Tumefika, nampa 300, anadai 50 ya begi. Begi alilolipakata yule mama!

Jambur kwenyewe watu wazuri, wazee wamenipigia goma mpaka nikasahau kidogo, ila leo sitaki kuandika mazuri. Nilisukuma.

Kiboko wa Junagadh: Uzi bila picha ni chai.

Mleta uzi: Picha ningepiga na mkono upi? Yote miwili ilikuwa inasukuma!

Binti Ukerewe: Umeenda Talala Agosti? Hifadhi ya Gir inafungwa tarehe 16 Juni mpaka 15 Oktoba, simba huwaoni. Maembe ya Kesar nayo yameshaisha. Sasa ulifuata nini huko kama si hilo tope?

Msukuma Halisi: Mimi kabila langu limetajwa mara ngapi humu? Nataka fidia.

Babu Tatkal: Mnalilia chhakdo. Mimi nimekaa mbele ya kompyuta tangu saa nne na nusu asubuhi nasubiri tiketi za dharura za treni zifunguliwe saa tano. Saa tano na dakika mbili, WL 63. Dakika mbili! Kwani wenzetu wanabonyeza kwa vidole vya miguu?

Mama Junior: Bora nyie mna pa kusimama. Mwezi uliopita nyumba ya wageni huko huko vijijini wananiambia vyumba vipo ila si vya mgeni wa nje. Mwenye nyumba hataki kabisa habari ya Fomu C, ile ya kuandikisha wageni wa nje, eti ndani ya saa 24 awe ameshapeleka taarifa zangu serikalini, na yeye mtandao hajui. Nimelala stesheni na ng'ombe. Ng'ombe hakuulizwa fomu.

Mleta uzi: Pole dada, lakini ulisukuma?

Kiboko wa Junagadh: Kwanza 300 unalia? Mimi alinitoza 500 na sikusukuma. Wewe umepata punguzo la kazi ya mikono.

Mpemba Mtulivu: Hapo juu mtu kataja Kesar. Embe tamu sana ile, ndugu zangu, lakini haifikii boribo ya Muyuni.

Binti Ukerewe: Kaka yangu, Kesar ya Gir ina alama ya kijiografia inayotambuliwa na serikali tangu 2011. Boribo yako ina nini?

Mpemba Mtulivu: Ina utamu.

Babu Tatkal: Dodo ndiyo embe. Hayo mengine ni juisi yenye ganda.

Mleta uzi: Jamani turudi kwenye mada. Mtu 14, kanichagua mimi.

Mama Junior: Tumesikia, baba. Hivi kuna anayejua Rajkot wapi wanauza unga mweupe wa mahindi? Ninaopata mimi wa njano, ugali unatoka kama uji wa manjano.

Msukuma Halisi: Mimi nimeletewa sembe kutoka nyumbani, kilo 10. Nauza kilo rupia 200.

Kiboko wa Junagadh: 200? Wewe na yule wa chhakdo mmesoma darasa moja.

Mama Junior: Niwekee 3, nakuja jioni.

Mpemba Mtulivu: Na mimi 2. Dagaa huna?

Mleta uzi: Imebaki? Niwekee na mimi 2, naoga kwanza.